Ubeti wa Nne

Felisita alikuwa katibu wa kwaya ya kigango chao pale Bariadi, na ukatibu aliupenda kuliko kuimba kwenyewe. Kwa hiyo Bibi Nyamizi, mtunzi wa nyimbo nyingi za kwaya ile, alipokubali hatimaye kutoa daftari lake la zamani linakiliwe, Felisita alilifunga kwenye khanga akalikimbiza kwa Yasmini mwenye steshenari, kabla bibi hajabadili mawazo.

Daftari lilikuwa limechoka. Wino ulishapauka, na pembe za kurasa mchwa walishajilia. Yasmini aliuweka ukurasa wa kwanza kwenye skana, kompyuta ikaanza kugeuza mwandiko wa mkono kuwa chapa.

"Mashine hii inasoma hata mwandiko wa daktari," alijigamba.

Mashine ikasoma: *Twendeni kwa bwawa.*

"Ni Bwana huyo, dada," alisema Felisita. "Hatuendi kunywesha ng'ombe."

Yasmini alicheka, akarekebisha, kisha akaongeza weusi ili herufi hafifu zionekane. Zikaonekana, tena vizuri mno. Felisita alihakiki beti tatu za wimbo wa kwanza neno kwa neno, zote safi. Ubeti wa nne hakuusoma. Alikuwa ameshaiamini mashine, na njaa ilikuwa inamuuma. Akaagiza nakala ishirini.

Jumamosi mchana kwaya ilikutana kanisani kwa mazoezi. Bibi Nyamizi alikaa benchi la mbele, kajitanda kitenge kipya kama mgeni rasmi. Nyuma kabisa, kwenye safu ya besi, alisimama mzee Mayige, miwani puani. Wote wawili walikuwa wamefiwa na wenzao miaka mingi, na kila Jumapili walisalimiana kwa Kisukuma, "mwadila", mlangoni, basi.

Beti tatu zilikwenda vizuri. Wakauvamia wa nne kwa nguvu zote:

*Mayige akiimba besi,*
*moyo wangu hauko kanisani…*

Soprano zilikatika kwanza, halafu alto. Besi peke yake iliendelea, maana mzee Mayige husoma polepole. Aliufikisha moyo wa mwenzake mpaka nje ya kanisa, ndipo akanyamaza.

Felisita alitamani sakafu immeze.

"Huo niliufuta," alisema Bibi Nyamizi, bila kugeuka. "Niliuandika kwa penseli, nikaufuta kwa raba. Na mate nikaongeza."

"Skana imeona alama zilizobaki, bibi. Nisamehe, sikuhakiki."

"Ina macho ya umbea hiyo skana."

Vijana walikuwa wamejificha nyuma ya makaratasi, mabega yakitikisika. Mzee Mayige alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nyamizi, uliandika lini?"

"Sabini na nane."

"Sabini na nane!" Mzee alishika kiuno. "Si ndio mwaka niliohamia nyuma? Ulikuwa unanikodolea macho kila tukiimba. Nikajua nakosea sauti, nikaona haya."

Sasa bibi aligeuka. "Na kweli ulikuwa unakosea."

Kanisa zima likaangua kicheko, na bibi mwenyewe akacheka mpaka kitenge kikamdondoka.

Felisita alipita kukusanya nakala. Kumi na tisa zilirudi. Mzee Mayige aliikunja ya kwake mara nne, akaitia mfuko wa shati, akamwambia kuwa yeye ni mzito wa kushika maneno, lazima akafanye mazoezi nyumbani.

"Daftari nirudishie," Bibi Nyamizi alimwambia Felisita wakitoka. "Nyimbo zilizobaki nitakusomea mwenyewe, wewe uandike. Nitajua cha kuruka."

Basi wiki nzima iliyofuata Felisita alikwenda kwa bibi kila alasiri na kalamu yake. Siku ya kwanza waliandika wao wawili tu. Siku ya pili alimkuta mzee Mayige kwenye kigoda uani, na bakuli la karanga mapajani, amekuja, eti, kuangalia kama besi imeandikwa sawasawa. Siku ya tatu, ya nne na ya tano alimkuta pia, na kigoda kilikuwa kimesogea.