Tonge la Bwana Inseop

...na kwa nini iwe yeye, juu ya paa hili wapo watu wanne, mama yupo, mama mdogo Okbun jirani yupo, lakini hapana, mama ameinua kidevu kumwelekea yeye na kusema, bila hata kuacha kupaka kabichi yake, "Gyubaek, mwenzako hajatia kitu tumboni tangu asubuhi, mlishe," basi, kama mtu anavyosema funga mlango, baridi inaingia, na sasa Gyubaek amesimama na kisu mkononi, nyama ya kuchemsha inafuka moshi kwenye ubao, na kati ya wote wanne ni yeye tu asiye na glavu, kwa kuwa mkata nyama havai glavu, na nani alimtuma akate nyama, alikikimbilia kisu mwenyewe ili asikae kwenye turubai uso kwa uso na Inseop, akajiona mjanja, ujanja wenyewe ndio huu umemtokea puani, maana wenye glavu wamejaa pilipili hadi viwikoni na hawawezi hata kujikuna pua, kila mwaka ni hivyo, siku ya kutia kimchi ya majira ya baridi, kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili, mwenye mikono safi huwalisha wenye mikono michafu, mwaka jana alimlisha mama mdogo Okbun matonge mpaka akaomba poo, wala moyo haukwenda mbio, lakini huyu... huyu amenyoa kichwa, amekuja na kofia na ndani ya kofia hamna nywele, masikio yamebaki peke yake, mekundu kwa baridi, Jumanne anaingia jeshini, na Jumanne si mbali, leo Jumamosi, na juzi pale kwenye ngazi za idara yao chuoni, watu wakipanda na kushuka, Inseop alimsimamisha na kusema kwa sauti ya chini, "Kabla sijaenda nataka kujua kitu kimoja tu. Unanichukia kweli?" na yeye akajibu nini, akajibu, "Nina kazi, bwana Inseop," akakumbatia maboksi yake akashuka, nina kazi, mtu anakuuliza jambo kama hilo unamjibu nina kazi, usiku hakulala, jana hakula, na leo anafungua mlango kumbe ni yeye, kopo la plastiki mkononi, amekuja kurudisha kopo, kopo la mama, lile Gyubaek alilopeleka chuoni na kimchi ndani, wakala darasa zima na tambi za maji moto, Inseop akalichukua akasema ataliosha, Gyubaek akadhani limeshapotelea huko kwenye majumba yao, kumbe limeoshwa, na halikuja tupu, limejaa machungwa madogo ya kisiwani, nani alimfundisha kwamba kopo la watu halirudi tupu, kwao vyombo vinaoshwa na mtu wa mshahara, "Nilimuuliza mpishi wetu, mama," alisema bila aibu, mama akacheka, akamvua koti lile la bei mbaya, akamvika aproni ya maua na glavu za waridi, akamsukumia kabichi, na Gyubaek akakimbilia kisu.

Haya, jani, tafuta jani la kabichi la kuviringishia nyama, si hili, hili kubwa mno, ukimtia tonge kubwa mama mdogo Okbun atasema unataka kumziba mdomo mtoto wa watu, na dogo nalo ni dharau, mgeni humlishi kijitonge, hili hapa, la katikati, la manjano, laini, lakini si ataonekana amechagua, mama anajua kila jani la kabichi linakaa wapi, ataona kwamba kijana wake amechambua kabichi nzima kutafuta moyo wake, basi chukua lolote, nyama, kipande chenye mafuta au kisicho na mafuta, Inseop hali mafuta, huyatoa kwa vijiti na kuyapanga pembeni ya sinia, na wewe Gyubaek umeyajulia wapi hayo, kama kweli unamchukia ungeyajulia wapi, hasimu gani huyo anayejua mwenzake anapanga mafuta pembeni ya sinia, anajua anapochora anauma kifungo cha shati, anajua hatua zake kwenye ukumbi kabla hajaingia... weka rojo ya pilipili, weka chaza mmoja juu, mkono unatetemeka, ni baridi, mtu akiuliza ni baridi, "Tonge hilo linaviringishwa au linajengwa?" mama mdogo Okbun huyo, "Wasanifu majengo bwana, hata chakula wanakipigia ramani," na wote wanacheka, Inseop naye anacheka, meno yake, aangalie pembeni, aangalie beseni, mapipa, minara ya upande ule wa mto ambako baba yake Inseop amejenga mingi na anaendelea kujenga, kutoka hapa juu inaonekana yote, kila asubuhi ya maisha yake Gyubaek amepiga mswaki akiitazama, na hata kabla ya mwaka wa kwanza wa chuo, hajaijua sura yake, alikuwa ameshamchukia mtu anayekaa humo ndani, halafu akamkuta, Machi, siku ya kwanza ya masomo, barafu bado iko kwenye nyasi, Gyubaek ametoka dukani kwa mama kufungasha vitoweo tangu alfajiri, koti linanuka kitunguu saumu na mchuzi wa samaki, alijua linanuka, kwenye treni watu walimpa nafasi, na darasani kiti kilichobaki kimoja, kando ya kijana mwenye koti laini kama manyoya ya paka, akaketi, yule kijana akamgeukia, akamtazama, akainuka bila neno, akaenda kufungua dirisha, na upepo ule wa barafu ukaingia ukampiga Gyubaek shavuni, na darasa zima likajikunyata, na yeye akaapa pale pale, utaniona, dirisha umelifungua wewe lakini utaniona, na tangu hapo ni vita, muhula huu wa kwanza darasani ni yeye, ujao ni Inseop, ujao ni yeye, walimu wakaanza kuwapanga meza zinazotazamana kama majogoo wa kupiganishwa, akajifunza kukata kadibodi kwa mkono ikatoka safi kuliko ya mashine, na ni katika kukata huko, mwaka wa pili, wembe ukampitia kidole, damu juu ya mfano wa jengo, na mkono uliomdaka kiganja ukakiinua juu ya kichwa chake ulikuwa wa Inseop, "Usiushushe," alisema, akaushikilia, damu ikakatika na yeye bado ameushikilia, wamesimama kama watu wanaoning'inia kwenye basi moja, na Gyubaek akasema, "Inatosha, bwana Inseop," bwana, siku zote bwana, wenzao wote walishaitana majina tu tangu mwezi wa kwanza, yeye peke yake bado na bwana wake, bwana Inseop shikilia hapa, bwana Inseop umekosea vipimo, akifikiri anamtia adabu, na kumbe neno lenyewe alilipenda, alikuwa analitafutia sababu ya kulisema, hapana, hajasema hivyo, nani kasema hivyo...

"Wewe kijana, pilipili unaipeleka wapi?" Mama mdogo Okbun tena, kwa sababu Inseop anafanya kosa lile lile la tangu asubuhi, analundika rojo yote kwenye ncha za majani kule kwenye kijani, na chini, kwenye shina nene jeupe, kweupe pe, hajawahi kuona kimchi ikitengenezwa, kwao huletwa kwenye pakiti au sijui inashuka kutoka mbinguni, na mama anamgonga glavu kidogo kwa glavu yake, anamwambia, "Chini, mwanangu, kwenye mnofu mweupe, majani yatajipata yenyewe," na Inseop anaitikia ndiyo mama, anarudi chini, polepole, jani kwa jani, uso wote ameukunja, huyu huyu ambaye chuoni ukimwambia ngazi zako hazipandiki anakuletea hoja mpaka jioni, na mama mdogo Okbun anamtazama, anatikisa kichwa, anasema, "Dada, huyu angekuwa binti, mwanao angekuwa ameshapata mke," na Gyubaek anatafuta uso wa mama, mama hakuinua uso, mama amesema tu, "Mikono yake mizuri," ana maana gani, mikono mizuri ya kupaka pilipili, au, anajua, hajui, mama huyu aliyemlea peke yake kwenye duka la upana wa kitanda, ambaye kila mwaka siku kama ya leo hupenda kusema mapishi haya yatarithiwa na mke wa Gyubaek, mwaka huu mbona hajasema, jua limeshafika hapa na hajasema, amesahau au ameacha, na kama anajua, amejuaje, labda ni masikio yake Gyubaek, masikio ya ukoo wao huiva mekundu, hayajui kusema uongo, na kama anajua kwa nini amsukumie tonge hili, ni kumpima, ni kumkamata... "Harufu haijakushinda?" mama mdogo Okbun anamuuliza mgeni, "Watu wa kwenu si huwa mnaziba pua mkipita sokoni," na hapa Gyubaek anataka paa lipasuke aingie, kwa kuwa jibu la swali hilo analijua, amelibeba tangu ile Machi, na Inseop anasema, "Haijanishinda, mama mdogo, naijua siku nyingi. Siku ya kwanza chuoni Gyubaek alikuja kukaa kando yangu na koti linanukia hivi hivi, nikaona haya, uso ukaniwaka moto mpaka nikaenda kufungua dirisha," na mama mdogo Okbun anauliza haya ya nini sasa, mtoto wa kiume na kitunguu saumu cha watu, na Inseop anasema, akitazama kabichi yake, "Si kwa ajili ya harufu. Ni vile alivyonitazama."

Dirisha. Uso ukamwaka. Barafu iko kwenye nyasi na mtu uso unamwaka, kwa hiyo dirisha lilikuwa... subiri, asikimbie, alirudie toka mwanzo, yule kijana akamgeukia, akamtazama, akainuka bila neno, ndiyo, lakini je, uso wake ulikuwaje, Gyubaek hakuutazama uso, alitazama dirisha, alishajua maana yake kabla halijafunguka, alikuja nayo mfukoni kutoka ng'ambo ya mto, na juu ya dirisha lile akajenga miaka mitatu, alama, tuzo, meza zinazotazamana, bwana Inseop, yote, nyumba nzima juu ya msingi ambao haukuwapo, na yeye ndiye hodari wa vipimo, na huyu akaendelea kukaa mbele yake muda wote huo, akapigwa mishale kila siku, akashikilia mkono unaovuja damu, akaosha kopo, akasimama kwenye ngazi watu wakimpiga vikumbo akauliza swali lake, akaambiwa nina kazi, na bado akaja, hakuja kurudisha kopo huyu, kopo angemtuma dereva, amekuja kusikiliza jibu, na Jumanne anaondoka, na nafasi ya kwanza itabaki ya Gyubaek bila kushindana na mtu, aliitaka sana, ichukue sasa, iko wazi, haina ladha yoyote... "Lile kopo la mwisho msilifungue," mama anasema, "limejaa kabichi alizopaka Inseop, nitaliweka chini kabisa kwenye friji ya kimchi mpaka atoke jeshini," na mama mdogo Okbun anasema mwaka na nusu, dada, si itakuwa chachu ya kukunja uso, na mama anasema, "Ndiyo tamu yake. Atakuja hapa hapa tulifungue pamoja," hapa hapa, amesema hapa hapa, na sasa ndiyo anainua uso, hamtazami Inseop, anamtazama yeye, mwanawe, kitambo kidogo tu, kama anavyomtazama akionja mchuzi na kumngojea aseme chumvi imetosha au bado, halafu anarudi kwenye kabichi yake, na Gyubaek anajua, si kwamba anajua mama anajua nini, hilo hatalijua leo na bado linamtisha, anajua tu kwamba hakuna mtu juu ya paa hili anayemkamata, ila yeye mwenyewe, na anapiga magoti kwenye turubai, tonge mkononi, glavu za waridi ziko hewani pande mbili kama mtu aliyeambiwa mikono juu, kichwa kilichonyolewa, masikio, na kwa mara ya kwanza anautazama uso na si dirisha, na uso ni mwekundu, hauna siri yoyote, ulikuwa hivi tangu Machi ile.

"Fumbua mdomo," anasema, na Inseop anafumbua, na anangoja, na mkono wa Gyubaek hauendi, kwa kuwa akishatiwa tonge ataishia kutafuna na kushukuru, na mama ataleta supu, na lifti za ng'ambo ya mto zitamchukua, na jibu litakuwa limebaki kuwa nina kazi, kwa hiyo tonge lisubiri, lisubiri kidogo, "Sikuchukii," anasema, na sauti inatoka kubwa kuliko alivyokusudia, "Sikuchukii, Inseop," hivyo, bila bwana, mbele ya mama, mbele ya jirani ambaye kesho soko zima litakuwa limeshasikia kutoka kwake, na Inseop hafungi mdomo, macho tu ndiyo yamejaa maji, pilipili, mtu akiuliza ni pilipili, na mama mdogo Okbun anauliza kwani nani kasema unamchukia, mlishe mtoto wa watu kabla hajaganda na mdomo wazi, na mama anapaka, chini, kwenye mnofu mweupe, na tonge bado liko hewani, maji mekundu yanamchuruzikia Gyubaek hadi ndani ya mkono wa sweta, na mkono wenyewe, sasa ndiyo anauona, umetulia.