Jiko Lisilo na Sufuria

Daktari alipouliza nyumbani wanapikia nini, Gasana alijibu kabla mkewe hajafungua mdomo.

"Mkaa, dokta. Kama watu wote."

"Na wewe, mzee, unafanya kazi gani?"

Gasana aliitazama mikono yake. Asubuhi ile alikuwa ameisugua kwa sabuni na jiwe, lakini weusi ulikuwa umebaki kwenye kucha na katika mikunjo ya vidole, ulikokaa tangu binti yao Gaju akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

"Ninauza mkaa," alisema. "Gatsata."

Daktari hakumlaumu. Alieleza tu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwaambia wengi maneno hayohayo, kwamba mapafu ya mkewe, Mukandekezi, yamechakaa. Dawa zitamsaidia kupumua, lakini hazitamrudishia alichopoteza. Moshi na vumbi la mkaa vikiendelea, hata hizo dawa ni kazi bure.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mukandekezi alipanda kilima kwa kusimama-simama, akijifanya anaangalia maduka ya vipuri vya magari, yeye ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Gasana alisimama naye kila aliposimama, akaviangalia vipuri naye.

Wiki hiyohiyo alikwenda Kicukiro, upande wa pili wa mji, ambako hakuna aliyemjua, akanunua mtungi wa gesi na jiko lake. Aliufunika mtungi kwa gunia la mkaa, akauingiza kwenye teksi. Aliyeuona angedhani mfanyabiashara amebeba bidhaa yake.

Wote wawili walikulia Karagwe, Tanzania, kabla ya kurudi Rwanda, na Kiswahili cha huko kilibaki kuwa lugha yao ya kugombana na ya kupatana. Siku hiyo kilikuwa cha kugombana.

"Baba Gaju, umeniletea bomu ndani ya nyumba."

"Si bomu. Huko Kagarama na Kicukiro wanapikia hii kila siku, na nyumba zao zimesimama."

"Huko hawauzi mkaa." Alinyamaza ili avute pumzi. "Mtu akiona muuza mkaa mwenyewe anapikia gesi, atarudi kununua kwako? Atasema, kumbe mzee huyu anajua kitu na anatuficha."

Biashara ile ndiyo iliyomsomesha Gaju, na ndiyo iliyojenga nyumba waliyokuwa wakigombana ndani yake. Mwishowe walikubaliana kama wezi wanavyokubaliana: gesi itapikiwa ndani, mlango wa mbele umefungwa na dirisha la nyuma limefunguliwa, na mtu yeyote asijue.

Lakini Gatsata nyumba zimebanana, na jirani huona zaidi ya unachomwonyesha. Jioni isiyo na moshi uani ingeulizwa. Kwa hiyo kila jioni Gasana, akitoka dukani mgongo ukimuuma, alilitoa jiko la mkaa, akaliweka mbali na mlango, akaliwasha, akalipepea mpaka moshi ukapanda juu ya ukuta. Kisha aliketi kando yake kwenye kigoda, akalitazama likiwaka bure. Ndani, mkewe alikoroga isombe ya majani ya muhogo juu ya moto usiotoa hata harufu. Mchana kutwa Gasana alikuwa akipakua magunia, na jioni aliuchoma mkaa wake mwenyewe ili kuulinda uongo. Aibu aliiona, lakini uchovu ndio uliomzidi. Kuna jioni alisinzia palepale, pepeo likiwa mkononi.

Phiona ndiye aliyewakamata. Alikuwa mpangaji wa chumba kimoja cha jirani, juu kidogo kilimani, mama mdogo aliyekulia Uganda, mwenye Kiswahili cha kuokota hapa na pale. Mvua ilikuwa imelowesha mkaa wake, akaja kuomba kaa la moto, mtoto akiwa mgongoni.

"Baba Gaju, sufuria iko wapi?"

Gasana alishtuka. "Sufuria gani?"

"Ya kupika. Moto iko, sufuria haiko. Munapika hewa?"

Alitafuta uongo mwingine, akaukosa. Wakati huo mtoto akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, cha kujirudia-rudia, na Gasana alikijua. Alikuwa akikisikia kila siku chumbani mwake, ila kikubwa zaidi, kikitoka kifuani mwa mkewe.

Mlango wa mbele ulifunguka. Mukandekezi alisimama kizingitini, mkono kwenye fremu.

"Phiona, ingia. Lete unga wa mtoto, uji uupikie huku."

"Mama Gaju!" Gasana aliita kwa sauti ya chini.

"Niache," mkewe akasema. "Mimi nimemsikia mtoto."

Phiona aliingia, akasimama mbele ya ule moto wa buluu kwa muda. "Kumbe," alisema. Alipika uji, akamnywesha mtoto palepale kwenye mkeka, akashukuru, akaondoka.

Hakuwa mtu wa umbea, lakini habari haikuhitaji umbea. Baada ya siku chache Bayingana, mwenye mgahawa barabarani, mteja wake wa miaka mingi, aliingia dukani akicheka.

"Mzee, nasikia kwako mnakula vya gesi. Huu mkaa unatuuzia sisi tufe?"

Wateja wengine walicheka pia, kisha wakangoja jibu. Gasana aliweka chini ndoo ya kupimia.

"Mke wangu hawezi tena moshi," alisema. "Mapafu yake yameharibika. Daktari amesema ni moshi na vumbi la mkaa, na mkaa huo ni wangu. Ndiyo habari yenyewe. Anayetaka kununua anunue, asiyetaka nitamwelewa."

Alidhani duka litabaki tupu. Wawili watatu walihamia kwa muuzaji wa ng'ambo ya barabara kwa siku kadhaa. Wengine walisema "Pole, mzee," wakasogeza ndoo zao, wakapimiwa. Bayingana alichukua magunia yake kama kawaida. Kesho yake Phiona naye akaja, mtoto mgongoni.

"Wewe umeiona gesi," Gasana alimwambia. "Mbona umekuja kwangu?"

"Gesi ni nzuri, mzee. Lakini inataka mutungi muzima kwa mara moja. Mimi nakula ya leo, nanunua ya leo."

Akampimia mkaa. Mtoto alikohoa, vumbi likaelea kati yao, na mikono ya Gasana ikaendelea kupima kwa sababu haikujua kufanya jambo lingine. Hilo lilimlemea kuliko kicheko cha Bayingana. Kama wangemkimbia, angalau angeamini kwamba wana mahali pa kukimbilia.

Ndipo alipomtafuta Audace, kijana wa kampuni moja iliyokuwa ikifunga mitungi yenye mita majumbani, ambako mtu hulipia gesi kidogo kidogo kwa simu. Alitaka kuwa wakala wao. Audace alikuja, akalizunguka duka, akakubali kwamba mahali ni pazuri na mzee anajulikana.

"Ila hapa hapakai gesi na mkaa pamoja. Ni hatari, na hairuhusiwi. Uchague."

"Nikiacha mkaa, mitungi italeta riziki ileile?"

Audace alikuwa mkweli. "Mwanzoni hapana. Baadaye sijui."

Jioni hiyo Gasana alimweleza mkewe. Mukandekezi alimsikiliza akichambua mchicha.

"Umechoka?" alimuuliza.

"Nimechoka."

"Basi funga. Tukipungukiwa tutapungukiwa wote."

Aliuza gunia la mwisho, akafagia, akaosha kuta kwa siku kadhaa. Maji yalitoka meusi, kisha ya kijivu, na hayakuwahi kutoka safi kabisa. Kibali cha kuuza gesi kilichelewa. Waliishi kwa akiba na kwa kile alichotuma Gaju. Mukandekezi hakupona. Alilala vizuri zaidi, basi, na kikohozi kikaacha kuongezeka.

Mitungi ilipofika, Gasana aliibeba mwenyewe kwenye ngazi za udongo, akigundua kwamba chuma kinauma bega kwa namna yake. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Phiona. Alimfungia, akamwonyesha kuwasha na kuzima, akamwonya kuhusu mpira wa gesi. Phiona alipiga makofi, mtoto akamwiga.

Mwezi uliofuata alipita kuangalia mita. Uji ulikuwa ukichemka kwenye gesi. Kwenye kona ya chumba hichohicho, sufuria ya maharage ilikuwa juu ya jiko la mkaa, moshi umetanda darini. Mkaa ulinunuliwa ng'ambo ya barabara.

"Maharage inakula gesi sana," Phiona alisema kabla hajaulizwa. "Inachukua masaa."

Gasana aliketi kwenye benchi. Magoti yalimuuma, na mitungi mingine ilikuwa ikimngoja chini. Maneno ya daktari aliyakumbuka yote, lakini hakuona kwamba yangeifupisha safari ya maharage kuiva.

"Hilo la mkaa," alisema hatimaye, "litoe nje angalau. Mtoto abaki huku."

Phiona aliizungushia sufuria kitambaa, akaitua chini, akarudi kulichukua jiko. Gasana alimshikia mlango.