Boti ya Kupanda Mlima

Mume wangu Nzabonimana ana wake wawili: mimi na maji. Ndiye mgawa maji wa mashamba ya mpunga hapa Gikundamvura, anayefunga na kufungua milango ya chuma kwenye mifereji, ile tunayoiita vane, na akisikia tone limekwenda njia isiyo yake, huamka usingizini. Mimi nikikohoa haamki.

Basi Jumapili moja alikuja Valens kumposa binti yetu Joselyne. Ni kijana wa Kamembe, amekulia Bukavu kama sisi, kisha akaenda kusoma Uingereza, na huko likizo zake zote alizimaliza akiendesha boti za kukodisha kwenye mifereji. Alileta jerikeni la pombe ya ndizi. Kwetu pombe ya mposaji haina mchezo: baba akiinywa, amemtoa binti, asipoinywa, mgeni hurudi kwao amebeba jerikeni lake na aibu yake.

Tukamimina glasi ya kwanza, ikawekwa mbele ya mume wangu. Naye, mgonjwa wa maji, akaanza kwanza kuuliza habari za mifereji ya Uingereza. Valens macho yakamng'aa. Akasema boti zao ni nyembamba na ndefu, ndani mna jiko, kitanda na mapazia. Zinakwenda polepole hata bibi anayetembeza mbwa wake ukingoni huzipita na kusalimia. Asubuhi bata wanakuja kugonga dirisha wakidai mkate. Mume wangu alicheka, nikamwona anaivuta glasi karibu.

"Na kama kuko mulima, Papa," Valens akaendelea, "boti inapanda."

Glasi ikasukumwa katikati ya meza.

"Inapanda nini?"

"Mulima. Kuko ekluze, ni kama vane mbili, boti inaingia katikati."

Akatoa simu, akaonyesha picha ya boti kati ya kuta mbili ndefu zinazochuruzika. Mume wangu aliitazama sana.

"Hii boti imeanguka mu shimo," akasema. "Mi nachunga maji mbele ule mutoto hayazaliwa. Maji inashuka. Siwezi patia mutoto yangu muntu muongo."

Joselyne akakimbilia jikoni, nikasikia sufuria zinagongana. Moyo uliniuma. Binti yangu alimngoja huyu kijana miaka yote ya masomo, leo amkose kwa sababu ya mlima wa Wazungu! Hasira zikanipanda.

"Papa Joselyne, mufereji si huu hapa? Vane si hizi? Umuache aonyeshe!"

Tukateremka mferejini, sisi na Joselyne, na majirani ambao hakuna aliyewaita. Karibu na shamba letu pana milango miwili iliyokaribiana, wa juu na wa chini. Valens akavua viatu vyake vya sherehe, akachukua beseni langu la kufulia, akalielesha katikati ya milango ile na kupakia jerikeni lake la pombe ndani.

"Na kama pombe inamwangika?" nikamuuliza.

"Maman, kama inamwangika, narudia Kamembe."

Akaufunga mlango wa chini, akaufungua wa juu kidogo. Maji yakaingia, beseni likatikisika, likaanza kuinuka. Lilipofika nusu, likagoma. Mlango wa chini ulikuwa umeliwa na kutu pembeni, na maji yaliyoingia juu yalitokea chini. Kuufungua zaidi ule wa juu hakuthubutu, mkondo ungelipindua beseni. Akaziba tundu kwa matope, akaziba kwa shati lake. Wapi!

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa ameshinda, alichotakiwa ni kusimama tu. Lakini alikuwa amelikodolea macho lile tundu, na midomo ilimcheza. Nilijua kinachomtesa: maji yake yanapotea mbele za watu.

"Hapana vile!" akafoka. "Unaziba maji kama unabembeleza mutoto!"

Maji ukiyavulia nguo, yaoge. Alivua koti lake la misa, akaingia hadi kiunoni, akalikunja koti hilo hilo, akalishindilia tunduni na kuliegemea kwa mgongo.

"Fungua kule juu! Polepole! Polepole, nasema!"

Beseni likapanda. Likapanda na pombe yake hadi likalingana na maji ya juu, Valens akauinua mlango wote, akalisukuma kwa kidole, likapita. Wanawake tukapiga vigelegele. Mume wangu akatoka amelowa chepechepe, anacheka kama kijana.

"Mumeona vile inapanda? Mi njo nimeipandisha!"

Akalifuata beseni lake, maana sasa lilikuwa lake, akafungua jerikeni, akaliinua kwa mikono miwili na kupiga funda refu.

Joselyne akanishika mkono.

"Papa Joselyne," nikasema taratibu, "unakunywa pombe ya nani?"

Akashusha jerikeni. Akanitazama mimi, akamtazama binti yake, ambaye machozi yalishamfika kidevuni. Akafuta mdomo kwa kiganja.

"Nilisema maji inashuka," akajibu. "Na pombe imekwisha shuka." Akamkabidhi Valens jerikeni. "Kunywa, mukwe yangu. Kiisha tutengeneze hii vane."