Darasa la Siku Tano

Masika ya mwaka 1998, hapakuwa na mwanamke mjini Herndon, huko ughaibuni, aliyesoma dini kumshinda Bimkubwa. Siku tano kwa wiki, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, alikuwa darasani. Ndivyo alivyomwambia mumewe Jabir, ndivyo alivyomwambia binti yao Nahla, na ndivyo alivyomwambia kila aliyepiga simu. Watu waliamini, tena waliamini kupita kiasi, wakaanza kumpigia kuulizia mas-ala. Bi Sikujua wa mtaa wa pili alikuwa hapitishi juma. Mara wanja wa dukani unazuia udhu, mara mtu akisahau rakaa afanyeje. Bimkubwa, ambaye mara ya mwisho kukaa chuoni alikuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa na jibu moja kwa yote.

"Hapo, bibi, wanavyuoni wamekhitilafiana," alisema, na Bi Sikujua akaguna kwa heshima.

Darasa lenyewe lilikuwa ghorofa ya tatu ya hoteli moja karibu na uwanja wa ndege wa Dulles. Palikuwa na kigari cha mashuka, ndoo ya dawa ya kusugulia masinki, na vyumba kumi na vinne kwa siku. Bimkubwa alikuwa akitandika vitanda, na angekubali kumezwa na ardhi kuliko mtu yeyote kujua.

Alijifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Miaka miwili nyuma, arusini kule Adelphi, mbele ya sinia la biriani, alisema kwa sauti ya kusikika, "Mimi sikupanda ndege kuja kutandika vitanda vya watu." Safa, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, alikuwa amekaa mkeka wa pili. Wanawake walicheka, na Bi Sikujua ndiye aliyecheka zaidi. Isitoshe, Jabir alipokuja kuposa Unguja, alimwahidi marehemu baba yake Bimkubwa, mbele ya mashahidi, kwamba binti yake hatashika ufagio wa mtu.

Lakini Januari Jabir aliteleza kwenye barafu pale yeye na madereva wenzake wanapopanga foleni teksi zao, akaanguka chali. Akapasuliwa mgongo, na daktari akamkataza usukani mpaka Juni. Teksi ikalala na kipato kikalala nayo. Bimkubwa akaenda kutafuta kazi kimyakimya, akaipata mwezi wa Machi, na kila alichopata kiliishia kwenye chakula, taa na dawa. Deni la nyumba halikuguswa.

Kazi nayo ina tabia ya kumfuata mtu nyumbani. Mikono ya Bimkubwa ilishazoea kuchomeka shuka chini ya godoro, pembe kwa pembe, ikabana, na kitanda chake mwenyewe hakikusalimika. Jabir akalalamika kwamba siku hizi kuingia kitandani ni kama barua kujitia yenyewe ndani ya bahasha.

"Ndivyo tulivyofundishwa darasani," alisema Bimkubwa, macho makavu.

"Lo! Darasa lenu lina mambo." Na kila jioni, akiwa amejilaza kwenye kochi na mto chini ya kiuno, Jabir aliuliza, "Haya, leo mwalimu kawafundisha nini?" Hapo Bimkubwa alitunga. Alitunga kisa cha mfanyabiashara mwongo na ngamia wake aliyekataa kupiga magoti, kisa kisichopatikana katika kitabu chochote duniani, na Jabir akakisikiliza mpaka mwisho na kuomba kirudiwe.

Mwezi wa Aprili benki iliandika kwamba miezi minne haijalipwa na nyumba itapigwa mnada. Bimkubwa alisoma neno la mnada, akakaa kwenye ngazi. Nyumba yenyewe ilikuwa nyembamba, imebanwa na za jirani huku na huku, lakini ilikuwa yao, na hakuwa na nyingine, wala huku wala Unguja. Akasikia kwamba serikali ina washauri wa bure kwa wenye nyumba waliokwama. Ofisi ya karibu ilikuwapo, lakini yeye akamchukua Jabir mpaka ya Alexandria, mabasi mawili na treni, ili wasionekane na mtu.

Huko wakakutana na Mtanzania. Msichana wa Iringa, jina lake Vaileth, miwani puani na mafaili mpaka kidevuni.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba. Karibuni mkae."

Bimkubwa nusura ageuke arudi alikotoka. Lakini Vaileth alikuwa ameshafungua faili.

"Mkopo wenu una bima ya serikali, kwa hiyo nyumba bado haijaondoka," alisema. "Kuna mpango. Serikali inailipa benki ile miezi iliyopita, halafu ninyi mnadaiwa na serikali, bila riba, mpaka siku mtakapouza nyumba au kumaliza mkopo. Ila wanataka vitu viwili. Cha kwanza, barua ya kueleza shida iliyowapata. Cha pili, ushahidi kwamba sasa kuna kipato cha kuanza kulipa tena. Mkikosa kimoja, hamta-qualify."

Jabir alisikia neno moja tu, nalo ni barua. Enzi za ujana wake alikuwa mwandishi wa barua wa mtaa mzima, na watu walileta karatasi na kungoja zamu. Akarudi nyumbani akavaa miwani, akaandika kurasa mbili, akampa Nahla azitie kwa Kiingereza.

"Kwa Mheshimiwa Meneja," ilianza barua. "Ama baada ya salamu nyingi, hali zetu sisi ni njema kabisa, tu wazima, hatuna upungufu wowote, na hofu yetu ni juu yako wewe huko uliko, na watoto wako, na wazee wako." Ikaendelea hivyo mpaka chini ya ukurasa wa pili, ndipo likaja neno kuhusu nyumba, kwamba wanaomba subira kidogo. Mgongo haukutajwa. Mtu na adabu zake hamwanzi mgeni kwa maradhi.

"Baba, you can't send this," alisema Nahla.

"Wewe tafsiri tu, mwanangu."

Nahla akatafsiri, hata wazee wa meneja hakuwaacha.

Siku kumi baadaye jibu likaja. Benki imefurahi kusikia kwamba familia iko katika hali njema na haina upungufu wowote. Kwa kuwa hakuna shida, ombi limekataliwa. Wakiwa na jipya walilete kabla ya tarehe nane Mei. Nahla alilisoma kwa sauti jikoni, na hakuna aliyecheka.

Vaileth alipoiona nakala ya barua alivua miwani na kufuta macho.

"Baba, hii barua ni nzuri, ningependa kuandikiwa mimi. Lakini benki hata haijui kama una mgongo!"

"Sasa mtu unaanzaje tu na mgongo?"

"Anza na mgongo, baba! Halafu kipato. Barua ya daktari kwamba unarudi kazini Juni ni sawa, lakini haitoshi. Wanataka cha sasa. Mama, wewe hufanyi kazi mahali?"

"Mama anasoma," akadakia Jabir.

Vaileth aliitazama mikono ya Bimkubwa, iliyobabuka kwa dawa ya masinki, kisha akatazama faili lake. "Ijumaa, basi," alisema. "Tarehe nane. Na fomu ya kipato mtasaini wote wawili, ukurasa mmoja."

Hapo Bimkubwa akabanwa kwelikweli. Hati zake za mshahara zilikuwa ndani ya kopo la udi, zimekunjwa ndogondogo. Akizitoa, Jabir ataona kwamba ahadi yake kwa mkwewe imekwisha zamani, tena akiwa kitandani hana la kufanya. Asipozitoa, nyumba inanadiwa. Siku tatu aliona haya na hofu zikipokezana kifuani, na darasani akatandika kitanda kimoja mara mbili.

Ijumaa alizitia mkobani, chini kabisa, bado hajaamua.

Mbele ya Vaileth, Jabir alitoa barua mpya. Safari hii hakumpa Nahla aitafsiri. "Isome wewe, binti yangu," alisema, "kisha uitie Kiingereza."

Vaileth akasoma kwa sauti. "Kwa Meneja. Hali zetu si njema. Mgongo wangu umevunjika na siwezi kuendesha. Mke wangu, niliyemwahidi baba yake kwamba hatashika ufagio wa mtu, anatandika vitanda hotelini siku tano kwa wiki. Huniambia yuko darasani. Mimi humuuliza kafundishwa nini, naye hunitungia, maana tukisema kweli tutalia wote wawili. Ikiwa nyumba hii itauzwa, atakuwa ametandika vitanda vya dunia nzima na yeye hana pa kuweka chake. Sina shida nyingine kubwa kuliko hiyo."

Bimkubwa hakuweza kutazama popote.

"Tangu lini?" aliuliza mwishowe.

"Tangu pembe za shuka. Nishawahi kulala hoteli, Bimkubwa. Kitanda cha vile hakifundishwi msikitini."

"Na ukaniacha nitunge! Miezi miwili!"

"Nifanyeje? Yule ngamia nilimpenda."

Alitaka kumfinya, akakumbuka mgongo wake, akajikuta anacheka huku machozi yanamtiririka. Akafungua mkoba, akazikunjua hati moja moja na kuzilaza mezani mbele ya mumewe. Vaileth akazikusanya haraka kabla hazijalowa na kuwapa kalamu.

Juni benki ilikubali, na Jabir akarudi barabarani. Bimkubwa alimpigia Safa kumwomba radhi kwa yale ya arusini. Safa akamwambia ameshasamehe, na kwamba anajua tangu Machi, maana wifi yake anasafisha ghorofa ya pili ya hoteli hiyo hiyo.

Jioni ile ile simu ikalia. Ni Bi Sikujua, na swali la rangi ya kucha.

"Bi Sikujua," alisema Bimkubwa, akavuta pumzi, "mimi sijui lolote. Sijasoma. Natandika vitanda hotelini."

Jabir akanyanyua kichwa kwenye kochi. Kisha sauti ya Bi Sikujua ikaja, chinichini, kama ya mtu aliyeziba simu kwa kiganja.

"Bibi wee... na sisi benki imetuandikia. Huko kwenu wanaajiri?"

Bimkubwa akamtazama mumewe, kisha akatazama kuta za nyumba yake.

"Jumatatu, saa tatu," alisema. "Waambie nyumbani unakwenda darasani."