Bati Lisilo na Zizi

Yule binti alianza vizuri, sitamsingizia. Alinikuta napepeta mahindi, akainama, "Shikamoo mama," nikaitika. Akasema anaitwa Shani, mtu wa Tanga, na anafanya kazi na shirika la nje linalochimba visima. Nikakimbia kumletea kigoda. Kisima! Huku kwetu Kerende, upande huu wa kilima, tunateka maji mtoni, chini ya wachenjuaji wa dhahabu wanaomwaga maji yao ya zebaki, na mjukuu wangu Dorah ana vipele mwili mzima tangu masika. Niliona Mungu kanikumbuka.

Akafungua kishikwambi chake, akakunja uso.

"Mama, samahani. Unaishi hapa kweli?"

"Ulitaka niishi wapi?"

"Ramani inasema upande huu hauna watu. Kisima kinaenda ng'ambo ya kilima."

Nikamwambia asinichezee. Nguo ziko kwenye kamba, moshi unatoka jikoni, mtoto analia ndani anajikuna, halafu hakuna watu? Akanionyesha picha iliyopigwa kutoka angani. Mabati yanang'aa safu kwa safu, yote yamechorwa msalaba mwekundu. Na la kwangu.

Sasa, mabati yale mengine ni tegesha, sibishi. Tangu mgodi uanze kutanuka, watu wanainua vibanda harakaharaka, miti na bati basi, wanasubiri wathamini wapite walipwe fidia. Hamlali mtu humo. Mimi nilinunua kipande katikati ya tegesha za mtu mmoja anaitwa Athanas, kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Lakini mimi nalala humu!

"Nani kanifuta?"

"Si sisi, mama. Kuna watu wa kujitolea huko nje. Wanakaa kwao na kompyuta, wanaweka alama kwenye kila paa lenye watu, halafu mmoja anahakiki." Akagusa kioo. "Huyu mhakiki ni Mtanzania. Marwa Nyamhanga."

Marwa ni mdogo wangu, tumbo moja, yuko Uholanzi. Alishanipigia akijisifu kwamba akitoka kazini anasaidia shirika bure, anazitambua nyumba za kwetu kwenye kompyuta. Na mimi nikamsifu mbele ya wanawake wa jumuiya, mjinga mimi!

Nikampigia palepale, Shani akiwa amekaa.

"Dada! Habari za huko?"

"Wewe mura, umenifuta?"

Nikamweleza. Mnajua alifanya nini? Alicheka.

"Dada, wale Wazungu walikuwa wanaweka alama kwenye kila bati. Wanajua nini kuhusu tegesha? Mimi ndiye niliyewafundisha. Bati jipya, hakuna zizi, hakuna njia ya ng'ombe, futa. Mkurya gani anaishi bila zizi? Wamenishukuru sana."

"Na mimi je?"

"Wewe nimekuweka vizuri kabisa, pale kwa marehemu shemeji, ng'ambo. Zizi linaonekana kubwa. Nimependekeza kisima kiwe hapohapo ubavuni. Nilitaka iwe zawadi, kumbe umeshapata habari!"

Shani aliinamisha kichwa. Alikuwa anasikia kila neno.

"Marwa, mimi sikai pale. Shemeji zangu walinifukuza."

"Walikufukuza? Lini? Mbona hukuniambia? Na ng'ombe wa Waitara, umewaachia hivihivi? Dada, na wewe nawe! Mali ya mume wako unaiacha tu?"

Nilikuwa nimeapa sitamwambia. Nilimdanganya kwamba safari yake na ada ya chuo vilitoka kwenye mchango wa kanisa, ili asome kwa amani, asiniangalie kama mtu anayemdai. Lakini kugombezwa kwa ajili ya ng'ombe walewale? Na yeye? Hasira ilinipanda nikaona giza.

"Ng'ombe wa Waitara umeondoka nao wewe! Kanisa gani la Kerende linampandisha mtu ndege? Niliwauza wote, mpaka ndama. Shemeji zangu wakanitoa kwa fimbo, kwamba nimekula ng'ombe wa ukoo kwa ajili ya mtoto wa mama yangu. Ndiyo maana niko kwenye bati lisilo na zizi. Halafu unauliza Mkurya gani? Mkurya huyu hapa, mpumbavu wewe!"



"Dada," akasema, na sauti ilikuwa ya yule mtoto niliyembeba mgongoni. "Naondoa ule msalaba sasa hivi."

"Ondoa."

Aliuondoa, Shani akanionyesha. Kisha Shani akapiga simu ofisini kwao, akabembeleza mpaka nikamwonea huruma. Wakamjibu kwamba mtambo umeshafungwa ng'ambo na bomba limeshashuka. Maji yalitoka wiki ileile, safi kabisa, ubavuni mwa zizi la Waitara. Kisima kimezungushiwa uzio, kina kufuli, na ufunguo wanao shemeji zangu.

Nilikwenda mara moja na ndoo, na Dorah kwa mkono. Shemeji yangu mkubwa alimwangalia mtoto na vipele vyake, akaniangalia mimi, akaurudisha ufunguo mfukoni.

Siku hizi Marwa ananipigia kila jioni. Simpokei. Jioni nakuwa mtoni, nateka maji.