Mji wa Walioteswa

Saa nane na dakika kumi na mbili mchana, kwenye ukurasa wa 114, herufi w haipo. Nyaguthii, msomaji prufu anayesahihisha kurasa kabla ya kuchapwa katika kampuni ndogo ya vitabu yenye mtambo wake wa uchapaji ghorofa ya chini, anaisoma sentensi mara tatu. Wanaume waliopenda wanaume, inasema, ndio waliotesa katika kambi za mafashisti wa Ujerumani. Rejista ya kambi iliyotajwa kwenye tanbihi, ambayo tafsiri yake anayo mezani, inasema walioteswa. Anampigia simu mwandishi, Dakta Wafubwa. Hili ni kosa la chapa, Daktari? Hapana, madam, ndivyo nilivyoandika. Lakini ushahidi wako mwenyewe unasema kinyume. Ushahidi, madam, ni kama mtoto, humfuata anayemlea; wewe tia sahihi, saa kumi kazi iingie mtamboni, shule zinasubiri. Anacheka, anakata. Bila sahihi ya Nyaguthii hakichapwi kitu katika nyumba hiyo. Ndiyo kanuni, na ndiyo kazi yake kwa miaka kumi na tisa. Anayajua yaliyothibitishwa: sheria dhidi ya wanaume hao ilikazwa mwaka 1935, maelfu wakapelekwa kambini, wengi wakashonewa kifuani alama yao, pembetatu ya kitambaa cha rangi ya waridi, na wengi hawakutoka. Anakijua pia kipande cha kweli alichokishika Daktari: kamanda mmoja wa mafashisti hao alikuwa mpenda wanaume, na wenzake wenyewe walimuua mwaka 1934. Juu ya huyo mmoja Daktari amejenga kurasa mia tatu. Joto la mabati limejaa chumbani. Nyaguthii anaegemeza kichwa juu ya prufu, kidogo tu, na pale ilipopaswa kuwapo herufi w, pengo linapanuka, linakuwa na vizingiti, naye anapita.

Barabara ni nyeupe, inanyooka, inakunja, inanyooka, na kila inapokunja inamrudisha penye kibao kile kile kisicho na jina. Mbele yake anatembea mtu ambaye uso wake ni kama kisogo chake, ngozi tupu iliyotandazwa vizuri. Kitendawili, anasema mtu huyo. Tega, anajibu Nyaguthii, kwa mazoea ya utotoni. Mmoja kakohoa, ukoo mzima umezikwa kwa kifua kikuu. Nyaguthii anafikiri, anatembea, anafikiri. Jibu analijua, ni kitabu cha Daktari, lakini kila akilifikisha ulimini linayeyuka. Umeshindwa, mama, nipe mji. Mchezo ni ule ule wa siku zote, aliyeshindwa hutoa mji, na aliyepewa husimulia alivyokwenda huko. Basi nakupa Karatina, anasema, kwa kuwa ndiko kwao, na kwa kuwa ni mchezo. Nilikwenda Karatina, anaanza yule, nikamkuta aliyefungwa ndiye mfungaji. Na Karatina inatokea pande zote mbili za barabara, maduka yake yameandikwa kutoka kulia kwenda kushoto kama kwenye kioo, na mbele ya soko amesimama Guka, babu yake, aliyekaa miaka minne katika kambi ya kizuizi ya Waingereza huko Manyani akarudi na mkono usionyooka. Mkono sasa umenyooka. Umeshika kiboko. Kichwani ana kofia ya askari wa kambi. Guka, vua hiyo kofia. Haivuki, mjukuu wangu, nimejaribu tangu asubuhi; umempa nani mji wangu? Nilidhani ni mchezo, Guka. Hata walionifunga walisema hivyo, anasema mzee, na soko linajikunja kama karatasi, naye ndani yake.

Barabara inawatupa kwenye ua wa seng'enge. Ndani, juu ya tope, ameketi mtu mwembamba mwenye pembetatu ya waridi kifuani. Karibu, dada wa herufi, anasema. Mimi Anselm, fundi saa. Jana nilikuwa mfungwa, leo nasikia nimepandishwa cheo, sijui mshahara utaanza lini. Anacheka, kisha anashika ubavu. Kiboko kinaota mkononi mwake, taratibu, kama ukucha, naye anakitupa, nacho kinaota tena. Nieleze wewe uliyesoma, anasema. Kama mimi ndiye mtesaji, mbavu zangu alizivunja nani? Na mbona niko upande huu wa seng'enge? Nyaguthii anamwambia sentensi haijachapwa bado. Harakisha, anasema Anselm, nimeanza kusahau nani alinipiga. Asiye na uso anasogea karibu. Nipe na mji huu wa walioteswa, mama, nimebakisha huu tu. Sikupi. Si wangu kuutoa. Si wako? Nani hutia sahihi mezani kwako? Mimi. Basi ni wako. Anaushika mkono wa kulia wa Nyaguthii kwa upole, kama mwalimu amshikavyo mtoto wa darasa la kwanza, na mkono unaanza kuandika hewani, kitanzi cha N, mkia wa y, huku Nyaguthii akivuta, huku Anselm akimwita, kwa jina kwanza, halafu kwa amri, kwa sauti ya askari.

Anainua kichwa. Saa ya ukutani inasema saa tisa na dakika thelathini na nne. Meza ni tupu, prufu hazipo. Sakafu chini ya miguu yake inatetemeka, maana yake mtambo unafanya kazi. Anashuka ngazi akishika ukuta. Odero, mpiga chapa, amejaa wino hadi viwikoni. Nani amekuletea kurasa hizi? Odero anamtazama. Si wewe mwenyewe, dada, nusu saa iliyopita? Nikakutania mbona uko pekupeku, ukapanda ngazi. Nyaguthii anatazama chini. Hana viatu, na nyayo zake zina tope. Sahihi kwenye karatasi ya kwanza ni yake, kitanzi na mkia. Zima, anasema. Dada, Daktari atanila mbichi. Zima, Odero, hiyo sahihi naifuta. Furushi la kwanza la kurasa limeshaondoka na pikipiki kwenda shuleni, anasema Odero, hilo siwezi kulirudisha. Nyaguthii hajui bado yuko upande gani wa usingizi, na haulizi. Anafuata waya hadi ukutani, anashika swichi kubwa kwa mikono miwili, anaivuta. Saa tisa na dakika arobaini na moja, mtambo unasimama.