Bunduki Nne tu kwa Mwaka

Ramlah alijua kuandika. Hilo hata mjomba wake Hakim hakulikataa, maana ndiye aliyemlipia masomo ya stashahada, na tangu hapo hakuacha kuikumbusha dunia nzima. Basi wauza bunduki wadogo wa Mbale, mjomba akiwa mmoja wao, walipotaka ombi la kupunguziwa ada ya leseni, hawakuhangaika kutafuta mwandishi. Ramlah aliliandika wiki nzima, likanyooka kama uzi. Sasa alikuwa amesimama kulisoma katika ukumbi mmoja wa Jinja, mjomba ameketi nyuma yake akinukia udi. Kamati ya leseni za silaha ilipokea ombi lililosomwa mbele yake tu, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea maombi.

Hoja yenyewe ilikuwa fupi. Hakim na wenzake ni wauza vipuri vya baiskeli. Bunduki ni kazi ya pembeni. Kwa nini watozwe sawa na wakubwa?

"Kwani risasi ya pembeni inauma nusu, Bwana Hakim?" alidakia Zulaika, mwenye duka kubwa la silaha hapo Jinja.

Ukumbi ukaangua kicheko. Kwa kitambo Ramlah alidhani kapatikana mtu wa kusema la maana. Lakini Zulaika akaendelea: "Ada ibaki ilipo. Wasioiweza wafunge, wateja waje kwangu."

Tangu asubuhi ilikuwa ada, punguzo, wateja, biashara. Neno maiti halikupita kinywani mwa mtu. Ungedhani wanauza vitunguu.

Mwenyekiti, Afande Gaster, mwanajeshi mstaafu aliyetaka kila kitu kisemwe kwa Kiswahili, aligonga meza. "Wewe Hakim, unasema unauza kidogo. Kidogo gani? Onyesha!"

"Nimejiandaa, afande." Hakim akachomoa karatasi mfukoni mwa kanzu, akampa mpwa wake. "Soma, mwanangu. Paza sauti, waone sisi ni watu wadogo."

Ramlah akasoma. "Mwaka jana, bunduki nne. Ya kwanza, mfugaji wa ng'ombe. Ya pili, ghala la kahawa. Ya tatu, mwenye lori. Ya nne, mwezi wa tatu, mwenye mashine ya kusaga mahindi, Nkoma, kwa ajili ya mlinzi wake."

Akaurudia mstari huo kwa macho. Mwezi wa nne, mlinzi wa mashine hiyo alimpiga risasi Rajab, mdogo wake Ramlah, kwa ugomvi wa foleni. Mjomba Hakim ndiye aliyemwosha marehemu. Ndiye aliyeingia kaburini kumlaza. Siku arobaini alisoma dua hadi sauti ikakauka, watu wakasema mjomba kama huyu hapatikani.

Ramlah akageuka. "Mjomba, ulijua?"

Hakim akarekebisha kofia. "Soma, mwanangu. Ya nyumbani tutayasema nyumbani."

"Ulijua ulipokuwa unamwosha?"

"Niliuza kihalali! Ikishatoka dukani si yangu tena." Akashusha sauti. "Usiniaibishe. Nani alikusomesha?"

"Kuna nini huko?" Afande Gaster aliuliza, akipiga miayo. "Nne ni kidogo kweli. Hawa wana hoja. Leta ombi nilipige muhuri."

Mkono wa mwenyekiti ulikuwa umenyooshwa. Ramlah akaukodolea macho, kisha akachukua kalamu, akaandika chini ya mstari wa nne, akasoma alichoandika: "Rajab, miaka kumi na tisa, alikwenda kusaga mahindi ya mama yake."

Akaiacha orodha juu ya magoti ya mjomba. Ombi akalikunja mara mbili, akalitia mkobani.

"Maneno haya ni yangu, afande. Nimeyachukua."

"Ramlah!" Hakim aliita. "Ramlah, mwanangu!"

Hakugeuka. Alikuwa keshafika mlangoni aliposikia mtu akimpigia makofi kwa furaha. Ni Zulaika, mwenye duka kubwa: ombi limeondoka, wateja ni wake.

Hapo ndipo Ramlah alipoinama akatapika.